Shuka Halikunjwi na Mtu Mmoja

Aliyeandika habari hii alipoisikia mara ya kwanza aliiona kuwa nyepesi mno kuandikwa. Wanawake wawili wa chumba kimoja cha kazi: mmoja amechanjwa, mwingine hataki, mmoja anafikiri, mwingine anapiga domo. Aliwatenga hivyo kwa haraka, kama mtu anayetenga nguo nyeupe na za rangi, akajiona amemaliza. Alikosea. Kinachompunguzia aibu kidogo ni kwamba mwenye habari mwenyewe, aliyekuwa ndani yake kutwa kucha, alikosea vilevile. Kwa sababu hiyo inasimuliwa hapa kama alivyoiona yeye, bila kumtangulia hata hatua moja.

Mwenye habari ni Mama Wembe. Wazazi wake hawakumwita hivyo, lakini hospitali nzima haikumjua kwa jina jingine. Alikuwa kiongozi wa chumba cha kukunjia katika jengo la kufulia nguo za wagonjwa, jengo refu la kijivu lililobanwa kati ya jiko na uwanja wa kuanikia. Nguo chafu ziliingia upande mmoja kwa mikokoteni, zikapita meza ya kuchambulia, mashine, kamba na pasi, zikatokea upande wa pili zikiwa mafurushi ya mraba. Mkono wa mwisho kuzigusa ulikuwa wake. Mikunjo yake ilikuwa mikali kiasi kwamba wauguzi walimtania mgonjwa aliyetandikiwa shuka jipya: "Geuka polepole, baba, usije ukajikata." Jina lilitoka huko.

Mama Wembe akifurahi aliimba, akiudhika alikunja. Mume wake alijua hali ya hewa ya ndoa kwa kutupa jicho mezani. Akikuta gazeti limekunjwa mara nne, matambara ya kufutia vyombo yamepangwa kama vitabu, na soksi zake zimekuwa vijiti, alivua viatu mlangoni na kupita kwa ncha za vidole. Mwaka wa maradhi yale ya mapafu yaliyoizunguka dunia hapakuwa na kitu ndani ya nyumba ile ambacho hakikuwa kimekunjwa.

Sasa, shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Ni refu, na likigusa sakafu linarudi kufuliwa. Wanashika wawili, kila mmoja pembe mbili, wanaachana mpaka kitambaa kinakaza, wanajiegemeza nyuma kidogo kunyoosha makunyanzi, kisha wanasogeleana mpaka vidole vinakutana, mmoja anapokea pembe za mwenzake, na wanaachana tena. Aliye upande wa pili huitwa mwenzi wa shuka. Sheria yake ni moja: usiachie kabla mwenzako hajajua. Ukiachia mwenzako akiwa amejiegemeza, anakwenda chini kinyumenyume juu ya saruji. Ndiyo maana katika jengo lile mtu hakupangiwa mwenzi wa shuka, alimchagua mwenyewe.

Mama Wembe alimchagua Redio. Redio naye alipata jina kwa haki, maana hakuzimika. Habari za wodini, za jikoni, za nchi jirani, za ndoa zilizovunjika na zilizokuwa zikijiandaa kuvunjika, zote zilipita kwake na kutoka zikiwa zimeongezwa chumvi. Walipoanza kukunja pamoja wakiwa wasichana, Redio alimsifia kaka yake, shuka baada ya shuka, miezi na miezi, mpaka Mama Wembe akakubali kuolewa naye angalau apate kusikia habari nyingine. Kwa hiyo walikuwa wenzi wa shuka kabla ya kuwa mawifi, na Mama Wembe aliamini kwamba hakuna kilichomo kifuani mwa wifi yake ambacho hakijawahi kupita mdomoni.

Maradhi yalipoingia, hofu ya Mama Wembe ilikuwa na anwani moja: kifua cha mume wake. Mzee yule alikuwa ametumia ujana wake kwenye mashine za kusaga mawe, na vumbi lililobaki ndani lilimfanya apumzike mara mbili kati ya kitanda na mlango. Homa ya kawaida ilimlaza wiki nzima. Hii mpya daktari hakuifafanua. Alitikisa kichwa tu. Kwa hiyo chanjo zilipofika Mama Wembe alikuwa miongoni mwa wa kwanza, na jioni ile ile alianza kumhubiria mume wake, mwanamume aliyebeba mawe miaka yote lakini akiona sindano anatafuta mlango. Alihubiri kwa upole, akahubiri kwa ukali, akahubiri kwa kukunja. Siku moja alirudi kazini akamkuta amekaa barazani, pamba imebandikwa begani, anatabasamu kama mtoto aliyetahiniwa akafaulu.

"Nani alikupeleka?"

"Nilishikwa mkono," alisema mume.

"Na nani?"

"Na mtu mwema."

Mama Wembe akajua ni jirani yao, dereva mstaafu, akaenda kumshukuru kwenye ukuta wa uani kwa maneno mengi. Jirani alizipokea shukrani kwa adabu, macho yamemtoka. Sifa iliyobaki Mama Wembe aliihesabu kuwa matunda ya mahubiri yake.

Kisha ikaja amri. Ililetwa na msimamizi wao, kijana mwenye shahada na shati lisilo na kunyanzi, ambaye hakuna alichosema bila kutanguliza "kwa mujibu wa waraka", wakamwita Waraka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amezika shangazi na rafiki katika msimu mmoja, na aliamini, kama Mama Wembe alivyoamini, kwamba anayeshika nguo za wagonjwa hana budi kuchanjwa. Amri yenyewe ilisema: kila mtumishi aonyeshe kadi. Asiyechanjwa aeleze sababu. Sababu ikikubalika, ahamishiwe uwanjani, kwenye kamba, penye upepo, isipokubalika, aage.

"Na hizo sababu nitazipokelea wapi?" Waraka alimuuliza Mama Wembe, kwa kuwa ofisi yake ilikuwa kabati lenye dirisha.

Na Mama Wembe, bila kufikiri mara mbili, akamjibu: "Mezani, bosi. Kama tunavyofanya siku zote."

Jengo lile lilikuwa na desturi yenye umri mkubwa kuliko mashine zake. Kila asubuhi, kabla mvuke haujapanda, wote waliizunguka meza ya kuchambulia, na aliyeharibu kitu jana yake alisema mbele ya wenzake: mimi ndiye niliyeunguza foronya, mimi ndiye niliyetia shati jekundu katika nyeupe. Akishasema, yamekwisha, hakatwi mshahara wala hasengenywi. Boila ikipiga filimbi kikao kinavunjika, kwa maana mvuke haumngoji mtu. Desturi hii ilikuwa imezuia uongo mwingi, na Mama Wembe aliipenda kuliko alivyopenda baadhi ya ndugu zake. Aliona ni haki tupu: mtu akiwa na sababu ya kweli, aiseme mchana kweupe.

Kadi zilipoonyeshwa walibaki wawili. Mmoja alikuwa Kimya, mwanamke wa makamo aliyesimamia mashine kubwa, mwenye ndoa ya miaka mingi bila mtoto, ambaye maneno yake ya wiki nzima yangetosha kwenye kiganja. Wa pili, Mama Wembe hakuamini macho yake, alikuwa wifi yake.

"Haya, nani aanze?" aliuliza Waraka.

Kimya alitazama mikono yake. Redio akapasua katikati ya watu.

"Mimi. Tena bosi, tafuta pa kukaa, maana sababu zangu zina miguu mirefu."

Akaanza na sindano: kwamba babu yake aliogopa sindano, baba yake aliogopa sindano, na uoga wa ukoo si kitu cha kutupa ovyo kama maji ya kufulia. Kutoka hapo alihamia kwa muuguzi mmoja wa zamani aliyekuwa na mkono mzito, kisha kwa mtoto wa muuguzi huyo na posa yake iliyokataliwa. Filimbi ikalia. Waraka akafunga kalamu. "Tutaendelea kesho. Hatuamui la mtu yeyote mpaka wote wasikilizwe."

Kesho yake Redio hakuwa tena na uoga wa sindano. Sasa ilikuwa mikono. Wa kushoto ndio unaovuta shuka, wa kulia ndio unaoshika simu, achomwe upi? Asubuhi iliyofuata ilikuwa ndoto ya marehemu mama yake aliyemtokea akiwa ameteremsha mikono ya gauni. Siku nyingine aliuliza maswali yaliyomfanya hata Waraka akune kichwa: kirusi kikibadilika sura, na yeye abadilike nacho mara ngapi? Leo mwajiri anautaka mkono, kesho akitaka figo kwa mujibu wa waraka, nani atamwambia basi? Halafu, watu wakiwa wameanza kutikisa vichwa kwamba kweli, hilo ni neno, aliliharibu mwenyewe kwa habari ya mbuzi aliyechanjwa akaanza kuogopa majani.

Watu walicheka mpaka wakajishika mbavu. Mama Wembe hakucheka. Kilichomchoma hakikuwa ukaidi tu. Mkaidi mwenye hoja moja unaweza kusimama naye mpaka mmoja achoke. Huyu kila siku alikuja na sababu mpya, kama aliyekuwa akizichuma njiani, na filimbi ikilia anaondoka mezani ameridhika, kana kwamba alichokitaka ni kule kulia kwa filimbi. Na Kimya wa watu, mwenye zamu ya pili, hakuwahi kufikiwa.

Siku moja Waraka alijaribu kumruka. "Redio, pumzika. Leo nataka kumsikia dada huyu wa mashine. Dada, usiogope, sema tu. Wahenga walisema mficha uchi hazai."

Kimya aligeuka rangi. Redio alipiga kofi mezani mpaka foronya zikaruka.

"Na mfunua uchi wa wenzake, bosi, yeye anazaa nini? Foleni ni foleni! Mimi sijamaliza. Nimefika kwenye mbuzi tu, bado ng'ombe."

Meza nzima ikaangua kicheko, filimbi ikalia, na Waraka akaondoka akijifuta jasho.

Ugomvi wenyewe wa mawifi ulifanyika kwenye shuka, kwa kuwa hapo ndipo walipokuwa uso kwa uso. Shuka lina mwendo wake na ugomvi ukafuata mwendo huo. Wakisogeleana, sauti zilishuka. Wakiachana, zilipanda, na chumba kizima kikasikia nusu ya kila sentensi.

"Wifi, mkono ni wako, sikatai," alisema Mama Wembe huku wakisogeleana. "Lakini pumzi je? Ikitoka kwako inaingia kwangu. Ikitoka kwangu inaingia kwa kaka yako."

"Kaka yangu namjua kabla hujamjua."

"Sasa mbona unataka kumuua?"

Wakaachana. Shuka likakaza.

"Simuui mtu. Vuta vizuri, limepinda kwako."

"Limepinda kwako! Kila kitu kimepinda kwako! Nipe sababu moja, wifi. Moja tu, nzima, isiyo na mbuzi."

Redio akasogea mpaka vidole vyao vikagusana, akatoa pembe zake. Kwa mara ya kwanza tangu wakiwa wasichana alinyamaza muda wa mkunjo mzima. Kisha akasema: "Mtu akikwambia hataki, wifi, lazima akupe na sababu? Sababu nyingine ni za ndani. Ukilazimisha zitoke, utazijua, na utatamani usingezijua."

"Wewe una cha ndani? Wewe?"

"Basi sina. Lete lingine."

Sikio la kufa halisikii dawa, alijiambia Mama Wembe, na jioni ile akatoa amri yake mwenyewe. Asiyechanjwa haingii nyumbani kwake. Awe wifi, awe nani. Aliisema mlangoni, mikono kiunoni, akiwa amejiandaa kwa vita na ameshapanga majibu ya vita hivyo njia nzima.

"Nyumba ni yako, wifi," alisema Redio. "Masharti ni yako."

Hakuna kitu kinachoudhi kama kusukuma mlango ulio wazi. Mama Wembe alikunja mashuka ya kitanda yaliyokuwa yametandikwa tayari.

Tangu siku hiyo Redio alikuja akakaa nje, chini ya dirisha la kaka yake, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mzee alivuta kiti upande wa ndani, kioo kikafunguliwa upana wa kiganja, na wakazungumza mpaka jua linapozama. Mama Wembe akiwa jikoni alisikia mume wake akicheka mpaka anakohoa, kisha anacheka kwa kukohoa kwake. Mara moja alitokeza kichwa.

"Mnacheka nini ninyi?"

"Tunakucheka wewe, mke wangu," alisema mume.

"Nicheke na mimi basi."

"Utafika wakati wake."

Akarudi jikoni na kusonya sonyo refu lililodumu mpaka maji yakachemka. Alikuwa amebeba zigo la nyumba nzima, yeye anaosha mikono mpaka ngozi inachubuka, na hawa ndugu wawili wanamfanya mlinzi wa geti asiyejua analinda nini.

Mwisho ukafika. Mkuu wa hospitali alimwambia Waraka kwamba sababu zisikilizwe zikamalizike siku hiyo, la sivyo yeye mwenyewe ataitwa kueleza zake. Asubuhi Waraka alikuja bila kalamu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Redio. Leo hakuna mbuzi wala ng'ombe. Unayo kadi ya kunionyesha, au huna?"

"Sina cha kukuonyesha, bosi."

"Basi umejifukuza mwenyewe. Dada wa mashine, njoo mbele. Sababu yako."

Kimya alipiga hatua moja. Mkono wake mmoja ulikuwa umekamata aproni kwa mbele. Mama Wembe aliiona hofu ile akaidharau kidogo, Mungu amsamehe. Aliona ni mtu mzima anayeogopa kusimama mbele ya watu.

"Subiri," alisema Redio, na sauti yake haikuwa ya redioni. "Bosi, tupatane. Mimi naondoka leo kwa miguu yangu. Siendi kwa mwanasheria, siendi chama cha wafanyakazi, sipigi kelele getini. Na unajua kelele ninaziweza."

"Najua," alisema Waraka kwa moyo wake wote.

"Lakini meza hii ibaki kuwa meza ya foronya zilizoungua. Mwenye sababu ya mwilini mwake aende kwa daktari, mlango ufungwe, na daktari akuletee neno moja: inakubalika au haikubaliki. Basi. Usimuulize mtu mwili wake mbele ya mikokoteni."

Waraka alimtazama Mama Wembe, kama alivyozoea kufanya penye jambo la desturi. Na Mama Wembe, ambaye wakati huo alitaka tu mashine ziwashwe na dunia inyamaze, alirusha mikono juu.

"Mpe, bosi! Mpe anachotaka, tufanye kazi! Hata akifukuzwa lazima awe na neno la mwisho!"

Waraka akampa. Filimbi ikalia.

Mkokoteni wa jana ulikuwa haujaisha, na Redio akaomba waumalize. Shuka la mwisho lilipokuwa limekaza kati yao Mama Wembe alijiegemeza nyuma kwa hasira, kwa uzito wake wote, kiasi kwamba mwenzake angefungua vidole, yeye angepasuka kisogo. Redio alishika. Wakasogeleana.

"Nikuachie?" aliuliza Redio.

"Achia."

Akavua aproni, akajaribu kuikunja peke yake, ikawa kama bonge la unga. Hakuwahi kuweza. Alipotoka Mama Wembe aliichukua akaikunja upya, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kuliko kiganja, akabaki ameishika hajui aiweke wapi.

Siku zilizofuata zilikuwa za taabu ya kipumbavu. Mwenzi mpya aliachia. Hakuwa na nia mbaya. Simu yake ililia, akaachia, na Mama Wembe akakaa sakafuni mbele ya chumba kizima miguu ikiwa juu. Mikunjo ililegea. Wodi ya upasuaji ilirudisha furushi zima. Chumba kilikuwa na ukimya ambao aliutamani miaka yote, na sasa ulimwasha kama sabuni isiyosuuzwa. Kimya alikwenda kwa daktari, mlango ukafungwa, neno moja likaletwa, akahamishiwa kwenye kamba. Hakuna aliyejua kwa nini. Mama Wembe alidhani ni kifua. Redio alikaa barazani kwake akishona viraka vya watu, na jioni akaendelea kukalia ndoo.

Mama Wembe hakubadili mawazo kuhusu amri, na hajayabadili mpaka leo. Anayelaza wagonjwa hana budi kuwakinga. Mume wake yu hai, na kwa kifua kile hilo si jambo la kubahatisha. Lakini kuna mchana mmoja, maradhi yakiwa yameanza kulegea, alitoka kwenda uwanjani kuhimiza mashuka. Upepo ulikuwa mkali. Kimya alikuwa amenyoosha mikono juu kubana shuka kwenye kamba, na upepo ukaibandika aproni yake mwilini. Mama Wembe akasimama. Mwanamke mwenye watoto watatu haelezwi tumbo lile ni la nini, wala lilianza lini.

"Mdogo wangu," alisema. "Hii ndiyo ilikuwa sababu yako?"

Kimya alishusha mikono. Alipozungumza ilikuwa ndefu kuliko yote aliyowahi kumsikia akisema.

"Nilishapoteza wanne, dada. Kila mara nilikuwa nimesema mapema, watu wakafurahi, kisha wakanipa pole. Daktari wangu alisema nisubiri kwanza miezi ya hatari ipite, ndipo nichanjwe. Na sasa nimeshachanjwa. Lakini pale mezani ningesemaje? Wote wangejua kabla sijaamini mwenyewe."

"Redio alijua?"

"Aliniona natapika nyuma ya mashine. Akaniambia: wewe nyamaza, kusema niachie mimi."

Mama Wembe hakumbuki alivyomaliza zamu. Anakumbuka alifika nyumbani akaanza na kitambaa cha meza, akaenda kwenye mapazia bila kuyatoa kwenye fimbo zake, na mume wake, akiona mapazia yanakunjwa yakiwa yananing'inia, akajua kwamba leo viatu havitamwokoa.

"Mimi ndiye niliyesema mezani!" alimlilia. "Mimi! Na mtu ambaye hawezi kuficha habari ya paka aliyezaa, hiyo akaificha! Sawa, alimkinga mwenzake, nimeelewa, namvulia kofia. Lakini si angechanjwa tu kisha akamsemea? Ilikuwa lazima akatae chanjo, apoteze kazi, na mimi nimkalishe kwenye ndoo kama mgeni?"

Mume wake alitazama soksi zake.

"Nani alikwambia alikataa chanjo?"

Pazia likamponyoka.

"Angetoa kadi," aliendelea mume taratibu, akipumzika kila baada ya maneno machache, "foleni ingekwisha siku ile ile, na yule dada angebaki peke yake mbele ya meza. Na akiitoa sasa, watu watauliza alikuwa akimficha nani."

"Na mimi? Mimi si ningeambiwa?"

"Wewe, mke wangu, uso wako ni kioo. Yule kijana angekuuliza mara moja tu, ungejibu kweli tupu. Ndivyo ulivyo. Alisema bora akae kwenye ndoo kuliko akufundishe uongo uzeeni."

Mama Wembe alikaa kitandani. Kisha, kwa sababu kichwa kilichochanganyikiwa hushika kitu cha karibu, aliuliza habari ya jirani: kwa hiyo jirani naye alijua?

"Jirani hajui lolote. Mpaka leo ananiuliza ulikuwa unamshukuru nini."

Ndipo akaelezwa siku ya pamba begani. Mume wake alikuwa ametoroka foleni mara tatu, na mara tatu dada yake alimfuata akamrudisha kwa kumshika mkono. Zamu yao ilipofika alimkalisha kwenye kiti kilichotazama mahali pa kuchomwa, akatangulia yeye, akakunja mkono wa gauni, na kumgeukia akimsimulia habari ya mtoto wa muuguzi aliyekataliwa posa. Na sindano ilipomwingia, habari ile hakuikatisha.